Taa Nyekundu ya Chemosit

Hapa Eldoret swali hili halina msimu. Huulizwa kwenye kikundi cha maombi cha katikati ya wiki, huulizwa ndani ya matatu inayongoja abiria wawili wa mwisho iende Langas, na vijana wa chuo huulizana usiku hosteli wakishamaliza bando kwa video za ajabu ajabu. Hawa viumbe ambao watu husema wanashuka na vyombo kutoka sayari nyingine, si ni mapepo tu? Na mara nyingi jibu huwa limefika kabla ya swali kuisha. Ndiyo, ni mapepo. Tuombe.

Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma ilianguka kutoka angani hadi kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni. Ilikuwa na kipenyo cha mita mbili na nusu hivi na uzito wa kilo 500 hivi. Shirika la Anga la Kenya lilieleza kwamba ni kipande cha roketi, ile pete ya kutenganisha sehemu moja na nyingine, ambacho kwa kawaida kingepaswa kuungua hewani au kuanguka baharini. Hakuna aliyeumia. Picha zikatufikia huku kwa simu, na ndani ya siku moja nilikuwa nimeshasikia maelezo matatu: taka za wakubwa wa dunia, chombo cha viumbe wa nje, na ishara ya nyakati za mwisho kazini mwa yule mwovu. Aliyenipa la tatu ni mzee wa kanisa ninayemheshimu, mtu aliyesoma, aliyefundisha hesabu miaka mingi. Sikumcheka, na hapa pia sitamcheka. Hoja yake ina historia ndefu kuliko alivyojua yeye mwenyewe, na sehemu ya historia hiyo ilitokea kwenye uwanda huu huu wa Uasin Gishu.

Hebu tuanzie hapa nyumbani.

Mwaka 1909 afisa wa serikali ya kikoloni, A. C. Hollis, alichapisha kitabu kuhusu Wanandi, lugha yao na hadithi zao. Humo anamtaja Asis aliye juu ya wote, anataja oiik, yaani roho za waliotutangulia, anataja radi mbili, Ilet mwema na Ilet mbaya. Kisha anamtaja Chemosit. Nusu mtu, nusu ndege. Mguu mmoja, matako tisa (ndiyo, tisa, wazee hawakuwa na haya), na mdomo mwekundu unaong'aa usiku kama taa. Hutembea kwa kujiegemeza kwenye fimbo iliyofanana na mkuki. Hula watu, na watoto huwapata kwa kuimba gizani: mtoto anaona mwanga kwa mbali, anasikia wimbo, anadhani kuna ngoma, anaufuata, basi.

Mwanga usiku, kiumbe ambacho si mtu wala mnyama, mtoto anayevutwa na harudi. Mpe hadithi hiyo kijana wa leo bila kumtajia Wanandi wala mwaka, atakuambia ni kisa cha kutekwa na viumbe wa angani.

Hollis alipotafuta cheo cha kumpa Chemosit kwa Kiingereza alimwita ibilisi. Angalia hapo. Katika orodha ya Wanandi, Chemosit alikuwa na fungu lake mwenyewe. Hakuwa mzimu wa babu aliyesahauliwa kumwagiwa pombe, wala hakuwa radi yenye hasira. Mahubiri yalipokuja kushika nguvu, mafungu hayo yote yakamwagwa ndani ya gunia moja lililoandikwa shetani. Babu, radi na zimwi la watoto wakalala pamoja humo. Mimi ni Mkristo na sidai kwamba gunia hilo ni tupu. Nasema tu kwamba mtu mwenye gunia moja hawezi tena kupanga vitu.

Miaka mitatu baada ya kitabu cha Hollis, kiumbe yule yule akabadilika tena. Mwaka 1912 Mwingereza aitwaye Geoffrey Williams aliandika katika jarida la chama cha elimu ya viumbe cha Afrika Mashariki na Uganda kuhusu mnyama asiyejulikana wa Uasin Gishu. Alikuwa amemwona miaka kadhaa nyuma, mara tu baada ya vita vya Wanandi, yeye na binamu yake wakielekea mwamba wa Sergoit, huko huko tunakopita tukienda Iten. Alikuwa mnyama mkubwa, amekaa kitako kama dubu, kisha akaondoka kwa mwendo wa kuyumbayumba. Walowezi na mainjinia wa reli wakaongeza visa vyao, C. W. Hobley wa serikalini akavikusanya, na mnyama akapata jina: dubu wa Nandi. Wenyeji walipoulizwa huyo ni nani, jibu lililoandikwa mara nyingi lilikuwa Chemosit. Wataalamu wakabishana miaka mingi kama ni fisi mkubwa, nyegere, au masalia ya mnyama wa kale aliyedhaniwa ametoweka. Hakuna ngozi, hakuna mfupa uliowahi kuthibitisha chochote.

Kumbe kiumbe kimoja kinaweza kuwa na nyaraka tatu za utambulisho. Kwa bibi wa Kinandi, zimwi lenye taa. Kwa mhubiri, shetani. Kwa mwindaji, nyara ya kupeleka makumbusho. Kila mmoja alimwona kwa macho aliyokuja nayo.

Na wacha niseme jambo moja kabla hatujatoka hapa. Hivyo vita vya Wanandi, ambavyo Williams anavitaja kama mtu anayetaja mvua ya mwezi uliopita, ndivyo vilivyommaliza Koitalel arap Samoei. Aliuawa tarehe 19 Oktoba 1905 na Richard Meinertzhagen, katika mkutano ulioitwa wa kuzungumza amani. Masimulizi ya wazee husema kwamba Kimnyole, baba yake, alikuwa ametabiri kuja kwa nyoka wa chuma atemaye moshi, na watu wageni pamoja naye. Wageni wa kwanza wa kutisha kufika uwanda huu kwa chombo cha chuma, basi, walikuwa binadamu kabisa. Walikuwa na bastola, na baadhi yao walikuwa na Biblia.

Sasa turudi kwenye hoja yenyewe. Wengi hudhani kwamba kuwaita wageni wa angani mapepo ni fasheni iliyotoka Marekani pamoja na mahubiri ya televisheni. Sehemu ni kweli. Lakini mizizi iko Afrika, Afrika ya Kaskazini. Katika karne ya pili, Apuleius wa Madaura, mji ulio katika Algeria ya leo, aliandika kwamba kati ya mbingu na dunia kuna viumbe wa kati wenye miili ya hewa, wanaobeba maombi ya watu kupeleka juu na kuleta majibu chini. Zaidi ya miaka 200 baadaye akajibiwa na Augustino, mwana wa Thagaste, ambaye utotoni alisomea huko huko Madaura. Katika kitabu chake cha Mji wa Mungu, Augustino hakubishi kwamba viumbe hao wapo, wala kwamba hewa ndiyo makao yao. Anachokataa ni kuwapa kazi ya kututetea kwa Mungu. Kwake hao ni waasi wenye akili kali, miili myepesi na tabia mbovu. Mtume Paulo naye, katika sura ya pili ya Waefeso, anamtaja mtawala ambaye nguvu zake ziko katika anga, na katika Wakorintho wa Pili anaonya kwamba Shetani anajua kujivika nuru kama malaika.

Kwa hiyo mzee wangu wa hesabu anapotazama juu na kushuku, yuko katika kundi la watu wazito. Lugha yetu yenyewe inamuunga mkono. Pwani, mwanga ni nuru, na mwanga vilevile ni mchawi azungukaye usiku. Pepo ndiye anayemsumbua mtu, na Peponi ndiko tunakotaka kwenda. Ukiwa na lugha ya namna hiyo, kila taa ya angani inakuja na mashaka yake.

Lakini watu hao hao wazito walikuwa na desturi nyingine, ambayo sisi tumeiacha njiani. Tuende Misri, kwa Antoni wa jangwani, aliyefariki mwaka 356. Athanasio, askofu wa Aleksandria, aliandika maisha yake, na sehemu kubwa ya kitabu ni mapepo: yanakuja kama simba, nyoka, askari, mwanga, sauti za umati. Antoni anawafundisha watawa wake wafanye nini wakitokewa. Hasemi wakimbie. Anasema wasimame na wamuulize aliyewatokea: wewe ni nani, na umetoka wapi? Kama ni mtakatifu, hofu yako itageuka furaha, kama ilivyokuwa kwa Mariamu na Zakaria. Kama ni adui, swali lenyewe litamlegeza. Kipimo chake hakikuwa umbo la kiumbe wala mahali kilipotokea. Kilikuwa kile kinachobaki moyoni kiumbe kikishaondoka.

Na kuna kisa kingine cha Antoni ambacho nashangaa hakihubiriwi. Kimeandikwa na Jeromu katika maisha ya Paulo mkaa-pweke. Antoni, mzee wa miaka 90, anavuka jangwa kumtafuta Paulo. Kwanza anakutana na kiumbe nusu mtu nusu farasi, ambaye anamwonyesha njia kisha anatoweka. Jeromu anasema wazi kwamba hawezi kuamua kama huyo alikuwa Shetani aliyevaa umbo la kutisha, au kama jangwa linazaa wanyama wa namna hiyo. Hebu fikiria hilo: mtu aliyeitafsiri Biblia kwa Kilatini, mtu ambaye hakuogopa ugomvi na yeyote, anakutana na kitu kisichoeleweka na anakiacha wazi.

Mbele kidogo, bondeni penye mawe, Antoni anakutana na mwingine. Mtu mdogo, pua imepinda, pembe kichwani, miguu ya mbuzi. Ukimchora huyo ukutani kwa kanisa lolote la Eldoret, hakuna mtoto wa Sunday school atakayekosa jina lake. Antoni anajikinga kwa imani yake, kisha anafanya kama alivyowafundisha wengine. Anauliza: wewe ni nani? Na kiumbe kinajibu kwamba ni chenye kufa kama watu, mmoja wa wakazi wa jangwa ambao wapagani waliodanganyika huwaabudu. Kimetumwa na kabila lake kumwomba Antoni awaombee kwa Bwana ambaye ni wao pia, kwa sababu wamesikia kwamba amekuja kwa wokovu wa dunia. Antoni analia kwa furaha.

Kama kisa hicho kilitokea au la, tuwaachie wanaobishana mambo hayo. Kinachonivuta ni kwamba Wakristo wa karne ya nne waliweza kukisimulia, wakakipenda, wakakinakili kwa mkono miaka zaidi ya 1,000. Walikuwa na nafasi kichwani mwao kwa kiumbe mwenye pembe ambaye si pepo.

Baadaye nafasi hiyo haikufungwa. Mwaka 1277 askofu wa Paris, Étienne Tempier, alitoa orodha ya mafundisho aliyoyakataza, na moja lilikuwa hili: kwamba Mungu hawezi kuumba dunia nyingi. Hakusema amefanya hivyo. Alikataza watu kumwekea mipaka. Mwaka 1440 Nikolaus wa Cusa aliandika kwamba huenda nyota nyingine zina wakazi wake, na kanisa likamfanya kardinali miaka minane baadaye. Mwaka 2008 padri José Gabriel Funes, Mjesuiti aliyeongoza kituo cha astronomia cha Vatikani, aliliambia gazeti la Vatikani kwamba kama tunaita viumbe vya dunia ndugu, hakuna sababu ya kutomwita kiumbe wa sayari nyingine ndugu pia.

Ile sehemu ya Marekani, niipitie haraka kwa sababu inajulikana. Juni 1947 rubani Kenneth Arnold alisema ameona vitu tisa vikipaa kwa kasi karibu na mlima Rainier, na magazeti yakazaa jina la visahani vya kuruka. Septemba 1961 Betty na Barney Hill, mume na mke wa New Hampshire, walisimulia kisa kilichokuja kuwa mfano wa visa vyote vya kutekwa. Mwaka 1969 Jacques Vallée, Mfaransa aliyesomea astronomia, alichapisha kitabu kilicholinganisha visa hivi na masimulizi ya kale ya Ulaya kuhusu watu wadogo wa porini, akaonyesha jinsi vinavyofanana. Yeye hakuwa akihubiri. Lakini mwaka 1975 mtawa wa Kiorthodoksi wa California, Seraphim Rose, aliuchukua ulinganisho huo akauhitimisha kwa njia yake: vinafanana kwa sababu ni wale wale, mapepo ya zamani yamevaa nguo za zama za roketi. Hoja hiyo ndiyo iliyotufikia, bila jina la mwenyewe, bila Antoni na swali lake.

Sasa njoo mwaka 1994, kwa sababu hapo ndipo mambo haya yanaacha kuwa ya vitabu.

Ijumaa tarehe 16 Septemba 1994, shule ya Ariel huko Ruwa, Zimbabwe, walimu walikuwa ndani mkutanoni na watoto walikuwa nje wakati wa mapumziko. Watoto zaidi ya 60 walisema wameona chombo kimetua ng'ambo ya uwanja, na kiumbe au viumbe wenye macho makubwa meusi. Walichora picha. John Mack, daktari wa akili kutoka Harvard, alisafiri baadaye mwaka huo kwenda kuwasikiliza. Baadhi ya watoto Waafrika hawakufikiria sayari nyingine hata kidogo. Walilia wakidhani ni tokoloshe amekuja kuwala. Chemosit wa kwao, tuseme. Watoto wale walisikilizwa mmoja mmoja, wakaulizwa umeona nini, ulihisi nini. Amini usiamini walichosema, hakuna mtoto aliyefukuzwa shule.

Mwezi uliofuata, Oktoba 1994, Rais Daniel arap Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada za shetani nchini Kenya. Mwenyekiti alikuwa Nicodemus Kirima, askofu mkuu wa Kikatoliki wa Nyeri, na wajumbe wengi walikuwa viongozi wa makanisa makubwa. Ripoti ikakabidhiwa mwaka 1995, ikakaa kabatini, ikaletwa Bungeni Agosti 1999. Ndani yake mlikuwa na masimulizi ya kafara za watu, mauaji ya kitambiko na miujiza ya giza. Mlikuwa pia na milango ambayo shetani alidaiwa kupitia: Wafrimasoni, Mashahidi wa Yehova, Wamormoni na wengine. Waliokuwa shule miaka ile wanakumbuka jinsi hofu ilivyoshuka hadi bwenini. Mtoto mkimya, mtoto mwenye kifafa, mtoto anayevaa pete, mtoto mpya kutoka Nairobi mwenye kaseti za muziki mgeni: yeyote angeweza kuwa amejiunga. Mapepo hayakuwa na anwani, lakini watoto wale walikuwa nayo.

Na hapa Bonde la Ufa, ni nini kilikuwa kimetokea kabla ya tume hiyo? Kati ya 1991 na 1993 watu walichomewa nyumba na kuuawa katika ghasia za kikabila, pamoja na huku Uasin Gishu, kule Burnt Forest, safari fupi tu ya matatu kutoka mjini. Human Rights Watch ilikadiria waliouawa kuwa 1,500 na waliofukuzwa makwao 300,000. Kamati ya Bunge chini ya Kennedy Kiliku ilichunguza mwaka 1992 na kutaja wanasiasa. Bunge likaikataa ripoti. Baadaye tume ya Jaji Akiwumi ikakusanya ushahidi, ikakabidhi ripoti mwaka 1999, na umma haukuiona hadi 2002. Ripoti ya shetani, ambayo haikuwa na mshitakiwa mwenye wadhifa, ikatangulia kutoka.

Simtuhumu askofu Kirima kwa hila, bana. Naamini alifanya kazi aliyopewa kwa moyo safi. Lakini mhistoria lazima aziweke tarehe mezani. Kwa miaka kadhaa nchi ilimtafuta Ibilisi kwenye kumbi za Wafrimasoni, na ushahidi wa waliomwaga damu Burnt Forest ulikuwa umefungiwa. Nyumba zikachomwa tena mwaka 1998 huko Laikipia na Njoro. Januari 2008 ikawa zamu ya kanisa la Kiambaa, hapa hapa Eldoret, watu wakiwa ndani. Waliochomwa walikuwa wameshaitwa wageni na madoadoa kwa muda mrefu. Hakuna kiumbe wa angani aliyehusika.

Miezi michache baada ya Moi kuunda tume yake, mapema mwaka 1995, Pemba ikashikwa na Popobawa. Jina ni popo na bawa. Aliwajia watu usiku vitandani, akawalalia, akawabana wasiweze kujigeuza wala kupiga kelele, na wengi walisema amewanajisi. Hofu ikavuka hadi Unguja na bara. Wazanzibari walimwita shetani na jini. Nje ya nchi wapo waliosoma habari hizo wakasema, ah, hii ni Betty na Barney Hill kwa Kiswahili. Na kweli kuna kitu kimoja chini ya visa vyote hivyo, ambacho Kiswahili kilikuwa na neno lake tangu zamani: jinamizi. Akili inaamka kabla mwili haujafunguliwa kutoka usingizini, misuli imefungwa, kifua kizito, na chumbani kuna mtu. Madaktari wanaijua hali hiyo vizuri. Haihitaji shetani wala sayari.

Hata hivyo, maelezo ya madaktari hayamalizi kila kitu kwa mtu wa imani, maana Mungu na adui wake wote wanaweza kumfikia mtu akiwa usingizini. Wahubiri wengi husisitiza ushahidi mmoja: mtu akilitaja jina la Yesu, kiumbe huondoka, basi ni pepo. Mimi ninaomba kwa jina hilo kila siku na sitalidharau. Lakini tazama Pemba. Waislamu walisoma Kurani, wakatoka nje, wakawasha moto na kulala pamoja uani, majirani wote, na wao pia wakapata nafuu. Ushahidi huo ukiutumia kwa haki, unasema kwamba sala na wenzako walio karibu huvunja hofu kubwa. Hausemi ni nani aliyekuwa chumbani.

Na Popobawa pia alipata wa kumlipia. Mjini Unguja mtu mmoja mwenye ugonjwa wa akili, mgeni kutoka bara, aliuawa na umati uliodhani ndiye.

Basi nikiulizwa tena kwenye matatu, jibu langu ni hili. Mkristo anaweza kushuku, ana ruhusa ya Paulo na Augustino. Vingi vya visa hivi ni jinamizi, ni sayari Zuhura ikiwa chini magharibi, ni setilaiti, ni pete za roketi. Anga letu si geni kwa vyombo vya watu: tangu 1967 Waitaliano walirusha setilaiti kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, na moja iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970 ilipewa jina Uhuru kwa heshima ya sikukuu yetu. Kama kuna visa vinavyobaki, na huenda vipo, vipimwe kwa kipimo cha Antoni, kimoja kimoja. Kiumbe wa sayari ya mbali, kama yupo na akatufikia, atakuwa ameumbwa na yule yule aliyetuumba. Kama ni pepo, atajulikana kwa anachokidai na kwa hofu anayoiacha. Ila anayesema ni mapepo kabla ya kuuliza lolote, mimi humuuliza yeye kwanza: halafu nani atapigwa?

Mzee wangu wa hesabu hakupenda swali hilo. Alinyamaza kidogo, akasema Jeromu alikuwa Mkatoliki. Nikamwambia wakati ule wote walikuwa kitu kimoja, mzee. Akacheka, akaniuliza yule mwenye miguu ya mbuzi aliishia wapi baada ya kumwomba Antoni sala.

Nikamwambia alikimbia kana kwamba ana mabawa. Lakini Jeromu, ili tusidhani anatunga, anaongeza kwamba mmoja wa aina hiyo alipatikana akiwa hai siku za mfalme Konstantio, akaletwa Aleksandria watu wamtazame. Alipokufa walimtia chumvi asioze, wakampeleka Antiokia, mfalme naye apate kumwona.